Alama za Mwimoni

Saa kumi na nusu Wangeci amepiga simu kutoka Kikuyu:
"Huku imeanza. Sisikii hata redio."
Hapa Kiambiu jua linawaka, nguo zimekauka kambani,
na Odera ananicheka nikipandisha cherehani mezani
na meza juu ya matofali.

Acha acheke. Mimi nahesabu saa.

Zamani kinamasi cha Ondiri kiliinywa mvua
kama mgonjwa anywavyo uji: polepole, akibakiza,
kisha kikaugawia mto kwa kijiko.
Udongo wa kule ni mwekundu, una vinyweleo, una subira.
Sasa umeota mapaa. Paa halinywi.
Lami hainywi. Uwanja wa kuegesha magari haunywi.
Kila tone hupokezwa jirani, upesi, kama siri mbaya,
mtaro hadi mtaro,
na miteremko ya Kawangware haina pa kupumzikia
mpaka huku kwetu, tambarare,
penye udongo mweusi
ambao kiangazi hupasuka ukameza hata sarafu,
lakini ukishalowa
hufumba mdomo.

Mawingu nayo yamebadilika tabia, sikatai.
Mvua iliyokuwa ikinyunyiziwa mwezi mzima
humwagwa alasiri moja, kama mtu anayehama.
Ila mto ni tarishi tu.
Barua imeandikwa huko juu.

Saa tano usiku. Nyota tele. Kiambiu hakuna tone.
Kwanza harufu, ya shamba la mtu.
Kisha sauti, kama lori linalotafuta gia.
Kisha wenyewe, mwekundu, umevaa udongo wa Kikuyu,
na kandambili, na mgomba mzima na mizizi yake,
na kiti cha plastiki cha sijui nani.
Odera hacheki. Ameshika upande wa pili wa godoro.

Kwenye mwimo wa mlango wetu kuna alama za namna mbili:
za Kwamboka, kwa kalamu ya bluu, kila akitimiza mwaka,
na za mto, kwa matope yake mwenyewe.
Mwaka juzi Kwamboka alikuwa mbele, vidole vitatu.
Sasa yuko begani kwangu, miguu imelowa,
anauliza nani amekua zaidi.

Subiri, mama. Mwimo ukauke kwanza.