Safu ya Mengineyo

Miaka sita nilikuwa muuguzi Bududa,
nikihesabu glavu usiku kwa tochi ya simu:
jozi kumi na moja, wajawazito kumi na wanne.
Hakuna aliyeniambia ile ni hesabu yenye jina.

Sasa nakaa darasani, kilimani Mulago,
mstari wa pili, kando ya dirisha lisilofunga,
na Dakta Kyomuhangi anaandika ubaoni:
gharama ya fursa.
Chaki inakatika. Anaokota kipande, anaendelea.
"Ukinunua hiki," asema, "umeacha nini?"
Wenzangu wanaandika.
Mimi namkumbuka wa kumi na mbili.

Kaka yangu Wopata aliposikia nimeweka sindano chini
nikasomee afya ya jamii, tena upande wa uchumi,
alicheka hadi chai ikampalia.
"Yaani uwe karani wa wagonjwa!
Umuulize mtu homa yake shilingi ngapi?"
Ndiyo, kaka. Shilingi ngapi.
Mali bila daftari, walisema, huisha bila habari.
Na watu je?

Likizo nikapanda mlima na fomu mia mbili.
Tope lilikuwa limekula nusu ya njia,
nikavua viatu, nikafika kwa Nabifo
mapaja yakitetemeka, fomu zikiwa kavu.
Swali la nne: Ulilipa kiasi gani kituoni?
"Sikulipa. Kwetu matibabu ni bure."
Nikaandika sifuri.
Akaitazama kalamu.
"Mbona umeandika upesi hivyo?"

Kisha akaanza, akimenya ndizi, bila haraka:
glavu jozi mbili, duka lililo mbele ya lango;
wembe; nailoni ya kulalia.
Vijana wanne waliombeba kwa machela,
na mbeba machela halishwi asante,
wakachinjiwa kuku, yule aliyekuwa akitaga.
Siku tatu kahawa ikaiva, ikadondoka,
ikaokotwa na asiyeipanda.
Na Mugide, binti mkubwa, akabaki na wadogo zake
asubuhi ya mtihani wa la saba.
"Hilo nalo lina mahali humo?" akauliza.

Fomu yangu ilikuwa na safu sita pana,
na ya saba, nyembamba kama uzi: Mengineyo.
Nikaandika humo hadi pambizo likajaa,
nikageuza karatasi.

Kampala, kompyuta haitaki kisa, inataka namba.
Kuku anayetaga ni bei ya sokoni leo
au ni mayai yake yote ya kesho?
Na kesho yenyewe tunaipunguza,
asilimia tatu kila mwaka,
ndivyo kitabu kinavyotaka,
ili raha ya mbali isijifanye sawa na ya leo.
Nikajaribu kumpunguza Mugide.
Nikafuta.

Dakta alisoma rasimu akiwa amesimama,
miwani juu ya paji, kidole kwenye jedwali.
"Saa moja ya mwanamke huyu umeipa sifuri?"
Hana mwajiri, nikasema.
"Na siku akifa, nani atapalilia?"
Sikujibu. Akanirudishia karatasi
kama mtu anayerudisha chenji pungufu,
akaingia darasa lingine.

Usiku huu umeme umekatika Wandegeya.
Mafundi cherehani wa chini wamenyamaza,
mtu anaita mshumaa, mshumaa ni mia tano.
Nawasha tochi ya simu.
Wembe mmoja. Nailoni, mita mbili.
Saa ya kungoja, tisa; saa ya kupalilia,
naiandikia bei, naikata, naiandika kubwa zaidi.

Imebaki fomu moja tupu chini ya mkoba,
imekunjika, ya ziada, namba mia mbili na moja.
Naitandaza kwa kiganja.
Hakukuwa na glavu zake, na kitabu cha zamu
nilikijaza asubuhi, kwa haraka, nikiwa na usingizi.
Swali la kwanza: Jina.