Nipe Mji

Ijumaa, umeme ukiwapo au ukikatika,
tunapanda hadi paa la jengo letu hapa Ngara,
kati ya kamba za nguo na matangi ya maji,
kila mtu na kigoda, au ndoo aliyoipindua.
Mimi ndiye mtegaji. Chombo changu ni mluzi.
"Muziki wa filamu!" nasema.
"Tega!" wanaitika, na mtoto wa Ogeto
anaitika mara mbili, kwa kuwa ameruhusiwa kukesha.

Napiga mahadhi matupu, bila neno, bila picha.
"Yule wa farasi," Ogeto anakisia,
"anayeondoka mwishoni bila kuaga."
"Siye."
"Basi yule aliyekufa halafu akaimba."
"Wewe, hao ni wengi."
Wakishindwa nadai mji, kama bibi zetu walivyodai.
Ila sisi hutoa mitaa.
Nimepewa Kayole mara tatu,
Dandora pamoja na jaa lake lote,
Kariokor na moshi wa nyama.
Lavington hakuna anayenipa, hata kwa mzaha.

Kisha akahamia Muthengi, nyumba namba tisa.
Huyo hutegua kabla sijavuta pumzi ya pili:
jina, mwaka, nani alipiga fidla.
Wiki ya tatu Nafula hakupanda, alisema ana nguo za kupasi.
Wiki ya nne Kibet akainua simu juu
kama anayekinga tone la mvua,
na simu ikajibu.
Ilijibu vizuri, bila kosa.
Tukabaki tunasikiliza tangi likijaa.

Nilitaka kupiga marufuku, simu na Muthengi pamoja.
Lakini mchezo wa kufukuzana
huishia kwa mtu mmoja juu ya paa
akijipigia mluzi.
Nikamuuliza tu, "Hiyo uliitazama na nani?"

Akanyamaza. Kumbe hilo halikuwa kwenye orodha yake.
"Na baba," akasema. "Kwenye sinema ya magari,
nyuma ya pikapu. Spika ilikuwa imekufa.
Baba ndiye aliyepiga ngoma zote kwa mdomo,
na milio ya bastola,
na mwanamke akilia."
Ogeto alicheka hadi ndoo ikamtoka.

Tangu hapo jina la filamu ni nusu alama.
Nusu nyingine: ulikaa wapi, ulikula nini,
nani alikuziba macho walipobusiana.
Simu ya Kibet haina hiyo nusu.

Jana Bi Kulsum wa ghorofa ya chini akaomba zamu.
Miaka kumi na tisa alikata tiketi mjini,
dirisha dogo, mgongo wake ukutani.
Akavuma kitu kirefu, kinachopanda, kinachosita,
kama mtu aliyesahau funguo ndani.
Hakuna aliyeijua.
Kibet aliinua simu; ikazunguka, ikazunguka, ikachoka.
Tukaanza kumpa miji: Pangani! Embakasi!
"Miji yenu kaeni nayo," akasema.
"Hata mimi siijui. Sikuiona hata siku moja.
Ilinijia kupitia ukuta, kila onyesho la saa tatu.
Niambieni, pale walikuwa wanafanya nini?"

Nafula akasema, mama anaichoma barua.
Mtoto wa Ogeto: simba ameingia benki.
Kibet akasema wanakimbizana juu ya mapaa,
na mmoja amechoka, ila hataki ijulikane.
Bi Kulsum alimtazama kila mmoja,
akipima, kama noti aliyoitilia shaka.

Tukamgeukia Muthengi.
"Sijui," akasema,
polepole, kama anayejaribu kiatu dukani.
Halafu, "Hebu irudie pale inaposita."

Akairudia.
Asubuhi hii bawabu Lokwang' amefungua geti
akiipiga mluzi, sauti ya nne kakosea.
Sikumsahihisha.