Kopo Lile Lile

Kopo hili nimeliuza mara kumi na saba tangu Dashaini.
Nalijua kwa kovu: lilibonyea ubavuni
siku Fulmaya alipoliangusha kwenye ngazi za hekalu.
Kila likirudi nalipangusa vumbi,
nalipanga rafu ya tatu, usawa wa macho ya mgeni.

Fulmaya hataji pesa. Hilo alifundishwa na wageni wenyewe,
wale wasomao vijitabu vyao kabla ya kushuka ndegeni:
usimpe ombaomba pesa, mnunulie chakula.
Basi husema maziwa. Husema mtoto.
Humbeba mtoto, ambaye ni wake kweli,
akamvuta mgeni mkono, uchochoro kwa uchochoro,
hadi hapa kwangu Thameli,
nami hutaja bei huku nikitazama kizani mwa duka
kama mtu anayetafuta chenji.

Rupia elfu mbili na mia nne.
Mgeni akishapinda kona, kopo huvuka kaunta:
elfu moja na mia nane zake, mia sita zangu.
Hatusemi neno.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
apone nini, hatuambizani.

Niiteni mwizi. Ila hesabuni nami.
Mwaka ule ardhi ilipotikisika
nilipewa turubai lenye jina la nchi nisiyopata kuiona,
herufi za buluu, ndefu kuliko kitanda changu.
Masika matatu tulilala chini ya jina hilo.
Kisha akaja bwana wa tathmini,
gari jeupe, dereva, mkalimani,
akakaa usiku kumi na moja katika hoteli ya maji moto
ili aniulize kama nimeridhika na turubai
kwa kipimo cha moja hadi tano.
Nikasema nne.
Tano ingekuwa uongo, tatu ingekuwa utovu wa adabu.
Fedha ile nayo ilivuka kaunta fulani, ikarudi rafuni kwao,
ila hakuna aliyeiona ikipanguswa vumbi.

Jumanne akaja mwanamke wa makamo,
viatu vya kupandia mlima, pua imebambuka kwa jua.
Alilipa bila kupatana.
Halafu akatoa kisu cha kukunja
akalitoboa kopo palepale, juu ya kaunta yangu,
taratibu, kama anayepasua jipu la mwanawe,
akamkabidhi Fulmaya kwa mikono miwili.
"Sasa ni la mtoto," alisema.
Alikuwa amesoma kijitabu kipya zaidi.

Fulmaya akainamisha kichwa, akashukuru.
Unga ulimmwagikia kwenye shali kama majivu.
Mtoto wake ananyonya; ana meno mawili, anauma.
Hakuhitaji unga.
Alihitaji kodi ya chumba kule Balaju,
na mwenye nyumba hapokei maziwa.

Jioni alirudi na kopo na kijiko.
Nikabandika birika. Tukamwita Hastabahadur wa riksho,
tukatia chaini ule unga wa watoto wachanga,
vijiko vitatu vitatu, bila huruma.
Chai nzito, tamu, ya kijinga.
Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Kisha Fulmaya akanyamaza, akafuta mdomo kwa ncha ya shali.
"Wote walinipa nusunusu," alisema, "nikapata.
Huyu amenipa kweli.
Ndiyo maana nimekosa."

Nikafungua droo, nikampa mia sita.
Hakuuliza zile elfu moja na mia nane,
nami sikuzitaja.

Rafu ya tatu ina duara safi katikati ya vumbi.
Kesho nitaagiza jingine.
Sijui nilibonyeze ubavu mwenyewe
au ningoje ngazi za hekalu.