Jina la Kienyeji

Umeota nyuma ya jiko letu, Al Khuwair,
pale kiyoyozi kinapodondosha maji mchana kutwa.
Julai. Hata mdalasini umekimbiza harufu yake kabatini.
Bustani nzima imenyauka, ila huu:
maua manjano, petali tano tano,
maganda bapa, yamepinda kidogo
kama kisu kilichomenya muhogo miaka mingi.

Nikaukata tawi kwa mkasi wa kucha.
"Usiumalize," akasema mama dirishani,
"huo mwingajini. Uache ulinde mlango."

Kazini, Al Khoudh, nikaulaza kati ya magazeti ya juzi,
jani moja mgongo juu, jani moja tumbo juu,
ua moja nimelifunua
ili atakayekuja baada yangu ahesabu nyuzi.
Nilihesabu kumi. Hazilingani:
nyingine zimebeba chavua,
nyingine tasa, zimekuja harusini kula tu.

Jamii ya kunde. Hapo hapana ubishi.
Mbaazi, choroko, ukwaju, wote ndugu,
ganda halijui kusema uongo.
Lakini jenasi?
Vitabu vya zamani vimeuandika Cassia, kwa wino,
vikaapa.
Halafu watu wakainama tena na lenzi
wakatazama nyuzi za chini:
za Cassia zimejikunja kama shingo ya korongo,
za huu zimenyooka.
Wakauhamisha. Sasa ni Senna,
nyumba moja na sanamaki ya dukani.
Mzizi haukusogea hata shubiri.

Kibandiko kina mistari yake.
Mahali. Tarehe. Mkusanyaji: Shinuna bint Muhanna.
Jina la kienyeji, nukta nukta nukta.
Dakta Mundhir akasoma juu ya bega langu:
"Hapo Kiarabu peke yake. Kienyeji ni cha hapa."
Nikasema ndiyo.
Wino ukakauka kwenye ncha ya kalamu.

Jioni nikamweleza mama.
"Jenasi ndiyo nini?"
Nikatafuta neno, nikalipata karibu:
ni kama mlango, mama, mlango wa ukoo.
Akaweka kikombe chini.

"Wete, miaka ya foleni, kahawa haikuonekana.
Tulikaanga mbegu za huo huo
mpaka zikawa nyeusi tititi,
tukatwanga, tukachemsha, tukaambiana ni buni.
Kule wakituita Wamanga.
Nikapanda ndege, nikashuka hapa,
mwenye mhuri akaniangalia, akasema: Mzanzibari.
Kumbe na mimi nimehamishwa mlango,"
akacheka hadi miwani ikateleza,
"na nyuzi hawakuhesabu!"

Asubuhi nikaandika kwa penseli,
herufi ndogo, zimebanana:
mwingajini.
Na chini yake: nyuma ya jiko, maji ya kiyoyozi.

Dakta akalisoma polepole, silabi kwa silabi,
kama mtu anayevuka barabara ya Ruwi.
"Na kweli unafukuza majini?"
Nikamwambia inategemea
jini mwenyewe anajua lugha gani.
Hakucheka. Hakufuta pia.
Akagonga mhuri, akaifunga karatasi kabatini,
rafu ya kunde, baridi, giza, kafuri.

Ganda moja sikulibandika.
Nilirudi nalo mfukoni.
Sasa hivi liko wazi jikoni, mbegu ziko kikaangoni,
na mama ananiambia nisikoroge haraka.