Viko Viko?

"Viko viko?" aliuliza Shaame Kombo mlangoni,
na mie nikacheka, nikamjibu, "Viko."
Boksi lilikuwa limeshuka bandarini Wete Jumanne,
viko ishirini na vinne vimelala kwenye maranda,
vyekundu, vinang'aa,
kila kimoja na pete ya dhahabu shingoni,
dhahabu ya karatasi.
Elfu tatu. Akalipa, hakuomba nipunguze hata mia.

Siku ya tatu karudi, ulimi umebabuka.
Hakugomba. Alikiweka juu ya mizani
pale ninapopimia tumbaku ya kutafuna,
kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.
"Bi Mkasi," akasema, "hiki kinanivutisha rangi."

Mie sivuti. Duka hili kaniachia marehemu
pamoja na deni la chokaa
na funguo tatu zisizo na kufuli.
Nilikuwa nikiuza viko kama kipofu auzaye miwani.
Usiku ule, baada ya Isha, nikachukua msumeno,
nikakipasua kimoja kipya katikati,
toka mdomo wa bakuli hadi shingoni.

Hebu tazama.
Wekundu wote ule ni unene wa ukucha.
Ndani mti mweupe, laini kama muhogo wa maji,
umekatwa kabla haujajua kuwa ni mti.
Tundu la moshi limetobolewa juu mno,
chini pamebaki kishimo,
na majimaji ya tumbaku hutuama hapo
kama mvua kwenye njia ya Limbani.
Mrija wa plastiki. Kichujio cha bati, kinapwaya.
Na rangi! Hata ndani ya bakuli, moto unapokaa,
wamepaka rangi.
Nani hupaka rangi ndani ya chungu?

Hapo nikafahamu, kwa njia ya jikoni.
Chungu kipya hakipikiwi mchuzi siku ya kwanza.
Mamangu alikichemsha kwa maji ya wishwa,
akakiacha kipoe, akakirudia,
mpaka udongo unywe, uache kunuka tope.
Basi na kiko.
Nikaparuza rangi ya ndani kwa msasa,
nikapaka asali kwa ncha ya kidole,
nikamwambia Shaame: jaza theluthi tu,
vuta polepole, kama unasikiliza jambo nyuma ya mlango.
Kikichoma kiganja, kiweke chini, kilale siku nzima.
Usikikwangue sana. Kitafanya ukoko,
ukoko ule ule wa wali, mwembamba, mweusi,
nao ndio utakaoukinga mti na moto wako.

"Kitadumu?"
Nikamwambia kweli:
kikifika Mfunguo Tatu, shukuru.

Zile nusu mbili nimeziweka mezani, kando ya mizani.
Anayeuliza bei, namwonyesha nusu kwanza.
Wengine huondoka. Shemeji anasema naua biashara.
Wengine hununua wakijua,
na hao hawajarudi na ndimi zao.

Jana kaingia Ngwali, aliyekuwa mpima karafuu,
kifua chake kinapiga filimbi kabla ya salamu.
Akaishika nusu, akainusa, akaigeuza kwenye mwanga
kama alivyokuwa akigeuza karafuu za watu
kutafuta unyevu.
"Nipe kibovu kuliko vyote."
Nikampa chenye ufa. Elfu moja.
"Na tumbaku?"
Akatikisa kichwa. "Daktari wa Chake kanikataza moshi.
Hakunikataza kuuma kitu."

Akakitia mdomoni, kitupu, kikakaa
kana kwamba meno yalikuwa yamekiwekea nafasi miaka.
Mlangoni akageuka.
"Basi hiki," akasema, "kitanizika."

Nikaandika daftarini:
vimebaki kumi na tisa,
na nusu mbili.