Kurasa za Nyuma za Daftari la Mizani

Kurasa za mbele ni za chama cha msingi:
namba ya mtumba, kilo, daraja, jina la mkulima.
Geuza daftari, uanzie nyuma,
mwandiko ni ule ule wangu
ila kinachopimwa hakikuota Sikonge.

Ilikuwa msimu ule lori lilipokwama Ipole
siku kumi na moja,
ghala limejaa hadi kwenye kenchi
na karani wa mizani hana la kupima.
Nikachora duara. Nikaliita Sonda,
nyota, kwa Kinyamwezi cha bibi yangu,
ingawa si nyota, ni dunia,
na ni dunia isiyojigeuza:
upande mmoja jua limepigiliwa utosini,
upande wa pili usiku haujawahi kusikia habari za jua,
na kati yake ukanda mwembamba, mwanga wa saa kumi na mbili
usiofika saa moja.

Upepo wa huko una njia moja,
kutoka gizani kwenda motoni, bila kupumzika.

Nikauweka mmea hapo kwenye ukanda.
Mwanzo ulikuwa utando tu juu ya jiwe,
kijivu, kama uvundo wa jani bani likivuja.
Nikauchorea safu mbili kama nilivyofunzwa:
iliyopona, iliyokufa.
Mbegu nyepesi zilipeperushwa juani, zikakaangika.
Mbegu nzito ziliangukia miguuni pa mama, zikakosa mwanga.
Safu ya kulia ikajaa, nikageuza karatasi,
ikajaa tena.
Safu ya kushoto: minne.

Halafu mbegu moja ikatoka na kasoro,
kijikulabu pembeni, kama ukucha uliopinda.
Ikanasa mgongoni mwa mama yake, ikaota hapo hapo,
upande wa baridi, ambako hakuna mbegu iliyowahi kubaki,
mizizi ndani ya gamba la mzazi.

Nikaupa jina: mbebwa. Wingi, mibebwa.
(Usiseme wabebwa; si watu.)
Mama hufa akawa udongo, binti humnasa mjukuu,
na hivyo, bila mguu hata mmoja,
msitu mzima unasogea kuelekea usiku,
hatua moja kila kizazi.

Kalunde, mpanga madaraja, mikono myeusi kwa utomvu wa tumbaku,
alisoma akiwa amesimama.
"Nyuki wako wapi?"
Sonda haina nyuki, nikamjibu.
"Basi haitakuwa na mtu wa Sikonge."
Akasoma tena. "Na kulabu, nani aliifundisha mbegu?"
Hakuna. Ilikosea tu, na kosa likashika.
Alinyamaza kitambo, akitazama nje
kwenye kuni za mabani, mitundu na miyombo,
rundo refu kuliko ghala.
"Ya kwetu," akasema, "haijapewa muda wa kukosea."

Lori likaja na vumbi lake. Tukapima usiku kucha.
Julai, mkaguzi Luhende akafungua daftari upande usio wake,
akaiweka miwani sawasawa.
"Hii minne iliyopona, mbona haina daraja?"
Nikasema ni makisio.
Akagonga muhuri. Upo mpaka leo,
wa zambarau, katikati ya msitu.

Sasa nimefika kizazi cha elfu arobaini.
Mibebwa imelikaribia giza lenyewe, majani meusi tii
yanayokamua mwanga hadi tone la mwisho,
na juzi mmoja umezaa mbegu
ambayo kulabu yake imegeuka nyuma, kulielekea jua.
Sijui kama ni kosa la kuua au ni lile jingine.
Nimeandika namba yake.
Safu zote mbili nimeziacha wazi.