Nyasi za Kununua

Nyasi nilizinunua Mtwapa,
mraba kwa mraba, zimekunjwa kama mikeka,
kwa pesa ya kiinua mgongo, miaka thelathini
ya kugonga mihuri katika ofisi ya bandari.
Nuswaiba aolewe juu ya kijani, nilisema,
si juu ya kokoto za Tudor zinazotoboa viatu.

Hakuna aliyeniambia kwamba ndago nayo nimeilipia.

Wiki ya pili ikachungulia:
shina moja jembamba, la pembe tatu,
limewapita wenzake kimo
kama mgeni asiyejua kukaa chini.
Nikaling'oa. Likatoka bila ubishi.
Ningejua hapo.
Kinachokubali upesi kimeacha neno nyuma.

Kalume wa duka la dawa, pale Marikiti,
akanipimia chupa, akaapa.
Nikapuliza asubuhi, jua halijawa kali.
Nyasi zangu zikafa, zikawa rangi ya kamba ya katani.
Ndago ikasimama katikati peke yake,
ikatoa maua.

Basi nikaketi chini na kisu cha kuparia samaki,
kile kilichovunjika ncha,
nikaufuata uzi mmoja gizani:
punje, uzi, punje, uzi,
tasbihi isiyo na mwisho wa kushika.
Nikajaza kopo la Kimbo. La pili.
Magoti yakanikemea.
Bi Rukiya akachungulia juu ya ukuta:
"Watafuta nini, dhahabu?"
Nikamwambia natafuta nilipoanza kukosea.

Harusi haikungoja. Tukatandika mikeka,
mikeka ya kweli, ya ukindu,
na hakuna aliyeuliza chini yake kuna nini.
Binti akachukuliwa Maskati.

Sasa jua la Januari limekausha hata mchunga.
Makopo niliyasahau juu ya tangi.
Leo nimetwanga punje moja, kujua tu,
na harufu ikapanda. Si udi,
ila ni binamu yake udi,
yule maskini anayekuja harusini kwa miguu.
Nikazitia nyingine chetezoni,
nikaupitisha moshi chumbani kwa Nuswaiba,
kwenye pazia, chini ya mto,
ndani ya kabati lenye hanga tupu.

Msinielewe vibaya. Sijasamehe.
Kesho baada ya alfajiri naanza upande wa bomba,
na kisu nimeshakinoa.